Neno Alilolikataa Mke Mwenza

Mbavu tatu na mfupa wa bega. Ndivyo alivyosema daktari wa hospitali, na Jumatano asubuhi Saisi alirudishwa nyumbani amefungwa kifua kizima kama mzigo wa safari. Walimlaza kitandani, akatazama dari, akavuta pumzi nusu maana nzima haikuwezekana, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa la maji wala la dawa.

"Mke Mwenza amekula?"

Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Sindano kwa ajili ya ushonaji wake, aliweka bakuli la supu chini kwa kishindo. "Amekuvunja mbavu tatu, na wewe unauliza kama amekula. Mimi nimekula? Umeniuliza?"

"Haya, umekula?"

"Sijala!"

Hapa lazima msomaji aelezwe, asije akawafikiria watu vibaya. Mke Mwenza alikuwa farasi, na Saisi aliitwa hivyo kwa kazi yake ya kutunza farasi. Kwenye karatasi zake alikuwa na jina refu la kigeni ambalo ukilitamka vibaya unajing'ata ulimi, kwa hiyo hakuna aliyelitamka. Jina la Mke Mwenza alilitoa Mama Sindano mwenyewe, mwaka ule alioolewa akahamia chumba cha mwisho pale zizini, akagundua kwamba mumewe anaamka kabla ya jogoo kwenda kumchana nywele mwingine, na usiku anarudi kitandani ananukia jasho la huyo huyo. "Jamani, nimeolewa uke wenza na sikuambiwa," aliwaambia wanawake wenzake bombani. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Jina likaganda, hata Tajiri mwenye zizi akawa analitumia.

Lakini utani ni utani na woga ni woga. Mama Sindano alimwogopa mnyama yule tangu siku ya kwanza. Miaka minane alikuwa hajavuka mlango mfupi wa kizimba chake. Nguo alizianika upande wa pili wa ua ili asipite karibu, na akisikia kwato zinagonga sakafu huku anashona, sindano ilikuwa inamchoma kidole. Sasa kile alichokiogopa miaka yote kilikuwa kimetokea, kimelala mbele yake kimefungwa bendeji.

Tajiri aliingia bila kubisha hodi. Hakukaa, ingawa wifi wa Mama Sindano, dada mkubwa wa Saisi aliyekuja kuuguza, alimsukumia kiti akakipangusa kwa kanga yake mwenyewe. Tajiri alikitazama kiti, akabaki amesimama.

"Kidonda cha mguu wa farasi kimeoza," alisema. "Kinanuka mpaka getini. Wiki tatu tangu akatwe na waya, na sasa hakuna anayeweza kumsogelea. Daktari wa mifugo anakuja Ijumaa saa sita. Akifanikiwa kumchoma sindano ya usingizi, atasafisha kidonda, yataisha. Asipofanikiwa, nina bunduki. Sitaki maiti ya mtu zizini kwangu."

"Nitaingia naye mimi," alisema Saisi kutoka kitandani.

"Wewe? Hata kukohoa huwezi."

"Tajiri, yule nimempokea kwa mikono hii akiwa bado ana ute. Nitamshika mimi. Ijumaa nitaingia."

Mama Sindano alijua ataingia kweli. Mumewe hakuwa mtu wa maneno mengi, na alichokisema alikitenda. Jana tu daktari wa hospitali alikuwa amemvuta yeye pembeni, akamwonyesha kwa kidole pale ubavu uliovunjika ulipoelekea, akamwambia pigo jingine dogo, hata la mtoto, mfupa ule utaingia kwenye pafu. Na teke la farasi si la mtoto.

"Chumba hiki ni cha saisi anayeshika farasi," Tajiri alisema akigeuka kutoka. "Asiyeshika, sijui ataitwa nani."

Alipoondoka, wifi alimgeukia Mama Sindano mikono kiunoni. "Na wewe nimekuangalia tangu asubuhi. Mdogo wangu ameletwa amebebwa, majirani wote wamekuja wamempa pole, hata mkata nyasi kampa pole. Wewe mkewe wa ndoa, sijasikia hata moja. Ulimi wako unauma?"

"Wifi, niache."

"Nasema kweli. Neno moja tu, tena la bure!"

Mama Sindano alifungua mdomo. Neno lilifika kooni likakwama palepale, kama lilivyokuwa linakwama kwa miaka miwili. Alichukua beseni akatoka nje.

*

Mchana ule hakuna aliyekuwa tayari kumpelekea Mke Mwenza majani. Masaisi wawili waliobaki walisukuma ndoo ya maji kwa fito, mmoja akinong'ona "pole mama, pole, pole," na farasi akaipiga ndoo teke ikaruka mpaka ukutani. Walikimbia wakicheka kile kicheko cha watu walioogopa. Fungu la majani kavu likabaki chini, na Mama Sindano akajikuta amelishika yeye.

Alijua kwa nini. Asipopata njia ya kumtuliza yule mnyama kabla ya Ijumaa, mumewe angeamka kitandani na kwenda kufa. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Alisimama hatua tatu kutoka mlango mfupi. Farasi alikuwa amejibana kwenye kona ya mwisho, mguu wa nyuma ameuinua, shavu la mguu limevimba na linachuruzika usaha. Ngozi ya begani ilikuwa inacheza, kama inavyocheza nzi anapotua, ila hapakuwa na nzi. Jicho moja lilikuwa linamtazama Mama Sindano, jeupe pembeni.

"Usinitazame hivyo," Mama Sindano alisema, sauti inayumba. "Mimi ndiye wa kukutazama hivyo. Umenivunjia mume, mwanamke wewe. Nimekuvumilia miaka minane. Nimevumilia anakuchana wewe nywele na zangu hajui hata kama zipo. Leo unamvunja mbavu! Ungesema tu humtaki, ungeniachia mimi."

Sikio moja la farasi liligeuka kumwelekea.

Mama Sindano aliliona. Akaendelea, maana akinyamaza angekimbia. Alimgombeza kuhusu ndoo, alimgombeza kuhusu harufu, akamgombeza kuhusu wifi, ingawa habari za wifi hazikuwa kosa lake. Na kadiri alivyogombeza, ndivyo ile ngozi ya begani ilivyotulia. Masikio yote mawili yakaja mbele. Kichwa kikashuka kidogo, kikashuka tena, na farasi akapuliza pua pumzi moja ndefu ambayo Mama Sindano aliisikia mpaka kwenye mikono yake. Alisogea hatua moja, kisha ya pili, akarusha majani ndani, na farasi akaanza kula.

"Kumbe unapenda kusemwa," alinong'ona kwa mshangao.

Mkata nyasi, mzee wa watu, alikuwa anapita nyuma yake na toroli. Akavua kofia. "Pole, mwanangu. Pole sana na mgonjwa."

Kizimba kililipuka. Kwato zilipiga mbao, majani yakaruka hewani, farasi akajirusha ukutani akirudi ile kona yake, anatetemeka mwili mzima. Mzee aliacha toroli akakimbia kwa miguu yake mibovu. Mama Sindano hakukimbia. Si ushujaa, miguu ilikataa tu. Alikuwa amesimama pale mkono juu ya kifua, na kitu kimoja kilikuwa kinamjia polepole kichwani, kitu ambacho alitamani kisiwe kweli.

Maana na yeye alikuwa ameshtuka. Hakushtushwa na kwato, alishtuka kabla ya kwato. Alishtuka pale pale farasi aliposhtuka, kwenye neno.

Miaka miwili nyuma, kwenye ukumbi wa hospitali wenye kuta za kijani, muuguzi alimjia na blanketi dogo limekunjwa vizuri mikononi. Hakukuwa na kitu ndani yake. Muuguzi akasema, "Pole, mama." Neno lilikuja kwanza, habari ya mtoto ikafuata. Tangu siku ile kila aliyemjia na neno lile alimjia na kitu nyuma yake: shuka la kuzikia, cheti cha kutia sahihi, ombi la kukichukua kitanda cha mtoto. Na Saisi, mume mwema asiyejua kupiga kelele, alimwambia neno hilo kila asubuhi akimshika bega, na kila asubuhi mwili wake ulikaza kusubiri kinachofuata, hata kama hakuna kilichofuata.

Sasa alimkumbuka mumewe akiwa ameinama kwenye mguu huu wa farasi, asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na chupa ya dawa inayochoma. Alimsikia kupitia dirishani kila siku. "Pole, mama. Pole." Halafu dawa. "Pole, mama." Halafu kubinya usaha. Farasi alipoanza kutetemeka, Saisi akaongeza upole, akalisema mara nne, mara tano. Na kadiri alivyombembeleza, ndivyo alivyozidi kumtisha.

Mama Sindano aliegemea mlango mfupi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Lo," alisema. "Lo, mwenzangu."

*

"Farasi anajua Kiswahili?" Saisi alicheka, akashika mbavu, uso ukakunjamana. "Usinichekeshe, mke wangu, naumia."

"Hajui Kiswahili. Anajua kinachofuata."

"Lakini ni neno zuri! Nimemlea kwa neno hilo."

"Ulimlea. Hizi wiki tatu umemchomea dawa kwa neno hilo. Nimelijaribu mwenyewe kwa kunong'ona, nimesimama mbali, sina hata kamba mkononi. Alijipiga ukutani."

 Saisi aligeuza uso upande ambao mbavu zilimuuma zaidi, na Mama Sindano akajua ameamini.

"Basi Ijumaa nitaingia bila kusema kitu," alisema mwishowe.

"Wewe utalala hapa. Nitaingia mimi."

Wifi aliyekuwa anakamua nguo mlangoni aliangusha beseni. "Wewe unayemkimbia hata mbuzi!"

"Mimi."

Na alipolitamka alitamani kulirudisha.

*

Alhamisi yote alihamishia cherehani chake cha mkono mbele ya kizimba. Alishona matandiko ya farasi yaliyochanika, akazungusha gurudumu, akapiga soga. Alimsimulia Mke Mwenza habari za wifi: anavyoonja mchuzi kwa kijiko kile kile na kukirudisha, anavyosali kwa sauti akijua watu wanamsikia. Farasi alisikiliza kwa sikio moja, kisha mawili. Mama Sindano naye akajifunza kumsoma, kama anavyosoma kitambaa kabla ya kukikata. Masikio yakilala nyuma, simama. Ngozi ikicheza, rudi nyuma nusu hatua umpe nafasi. Midomo ikilegea akatafuna hewa, hapo amekubali. Na aligundua jambo la ajabu, kwamba yeye mwenyewe akibana pumzi, farasi anabana ya kwake. Kila alipokumbuka kupumua, walipumua wote.

Jioni pua laini ilishuka juu ya mlango ikamgusa ukosi. Alipiga ukelele, farasi akaruka, wote wawili wakatazamana wakihema.

"Umenitisha, mshenzi wewe!"

Pua ikarudi.

Shida ilikuwa watu. Alipita kwa kila mtu pale zizini kuwaonya. "Kesho mtu asiseme lile neno."

"Neno gani?" waliuliza masaisi.

"Lile. La kumwambia mtu aliyeumia."

"Aaa, pole! Sikujua kama..."

Kizimbani, kwato: pwaa!

Hapo ndipo Mama Sindano alipoogopa kweli. Neno lenyewe watu hawalisemi, linawatoka. Mtu akijikwaa limetoka, akikohoa limetoka, akibeba kikapu kizito limetoka. Utalizuiaje? Usiku ule hakulala. Alisikiliza pumzi fupi za mumewe na kuzihesabu kama zinatosha.

*

Ijumaa, saa sita kasoro, Tajiri aliegemeza bunduki ukutani, akakunja mikono. Daktari wa mifugo alikuwa kijana mwenye buti safi. Alimtazama Mama Sindano, kitambaa kichwani, kamba mkononi.

"Huyu ndiye atakayemshika?"

"Saisi wake amevunjika mbavu," Tajiri alisema. "Huyu ni mke. Anasema amezungumza naye." Masaisi wawili wakaziba midomo wasicheke.

Mama Sindano alihisi masikio yanawaka kwa aibu, lakini alikuwa na woga mkubwa zaidi wa kushughulikia. "Daktari, ukiwa ndani usimsemeshe. Ukitaka kusema, nisemeshe mimi. Nitukane ukipenda. Ila usitoe maneno ya huruma."

"Nikutukane, mama?"

"Nitashukuru."

Aliinua komeo. Mlango mfupi ulilia, na Mama Sindano akavuka.

Ndani palikuwa padogo kuliko alivyofikiria, na farasi alikuwa mkubwa kuliko alivyoonekana kutoka nje. Joto la mwili wake lilimjia usoni. Mdomo ulikuwa mkavu kiasi kwamba maneno yalinata kwenye meno. "Basi nikwambie," alianza, "jana wifi kaniambia chumvi imezidi, na chumvi katia yeye." Nje, wifi aliguna. "Mbele ya watu kaniambia. Nikanyamaza. Unadhani ninyamaze mpaka lini?" Sikio likaja. Akapitisha kamba shingoni, akafunga, mkono wake ukabaki juu ya shingo ile ya moto, na chini ya kiganja akahisi mshipa unakimbia sawasawa na wa kwake.

Alimpa daktari ishara kwa kidevu. Daktari akaingia, buti zake safi zikakanyaga mkojo, akapita ubavuni, akapapasa shingo, akainua bomba la sindano. Mama Sindano alipumua. Farasi akapumua. Sindano ikazama kwenye ngozi, na farasi akaguna kidogo tu.

"Pole, mama. Pole."

Sauti ilitoka mlangoni. Saisi alikuwa amesimama pale, peku, rangi imemtoka, mkono mmoja umeshika mbavu. Alikuwa amejikokota ua mzima. Na mpaka leo hakuna anayejua alikuwa anamwambia yupi kati ya wale wawili.

Farasi alipanda juu. Kamba ilimchuna Mama Sindano viganja, miguu yake ikaacha ardhi, mgongo ukagonga ukuta. Teke lilipasua ubao sentimita chache kutoka kwa daktari, ambaye alianguka kwenye kona akajikunyata na bomba lake. Saisi akatupa mguu juu ya kizingiti ili aingie. Tajiri akanyakua bunduki.

"Ondoka hapo, mwanamke!"

Hakuwa na pa kuondokea. Farasi alikuwa amemkandamiza ukutani kwa bega, uzito wote, na Mama Sindano aliona kwa uwazi kabisa kwamba atakufa hapa na mumewe atakufa hapo mlangoni.

"Na kijiko!" alipiga kelele, sauti imepasuka, machozi yanatoka. "Sijakwambia habari ya kijiko! Anaonja, anakirudisha! Saisi, rudi nyuma, mguu nje! Anaonja tena! Wifi, si kweli?"

"Kweli!" wifi alilia kutoka nje. "Kweli, naonja! Nakirudisha!"

Sikio. Sikio moja, linatetemeka, likageuka kumtafuta. Mama Sindano alijilazimisha kupumua, chini, mpaka tumboni, huku bega lile limemziba kifua. Akapumua tena. Akaendelea kusema, hajui alisema nini, na uzito ukapungua kidogo, na kidogo tena, mpaka akaweza kushusha visigino. Farasi alikuwa anatetemeka vibaya lakini alisimama. Angeweza kumponda na hakumponda.

"Daktari," alisema kwa sauti ile ile ya soga, "inuka, mjinga wewe, umalize kazi."

Daktari aliinuka. Sindano ikazama mara ya pili, dawa ikaingia yote. Baada ya dakika chache kichwa cha Mke Mwenza kilianza kushuka, midomo ikalegea, na Tajiri akaishusha bunduki.

"Ni usaha tu, mfupa ni mzima," daktari alisema akiwa amechutama kwenye mguu, sauti yake bado haijakaa sawa. "Atapona. Lakini bendeji kila siku, mwezi mzima. Nani atazifunga?"

Jibu lilikuwa limesimama pale limeshika kamba.

Mama Sindano alitoka akakuta Saisi ameketishwa juu ya fungu la majani, macho mekundu.

"Nilikuwa nambembeleza," Saisi alisema. "Wiki tatu nzima nilikuwa nambembeleza."

"Najua."

"Leo nilijizuia. Nilijizuia mpaka mwisho, nikakuona wewe mle ndani..."

"Najua, mume wangu." Aliketi karibu naye, viganja vinatoka damu, na kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuficha kitu, alisema. "Hata mimi. Ukilisema, hata mimi natafuta ukuta."

Saisi alimgeukia. "Tangu lini?"

"Unajua tangu lini."

Alielewa. Mama Sindano aliona anavyoelewa, asubuhi moja baada ya nyingine, miaka miwili. Akaona pia neno lile likipanda, kwa sababu mtu kama Saisi hakuwa na jingine. Likafika midomoni, midomo ikajikunja kulitoa. Saisi akaifunga. Akalimeza, na kulimeza kulimuuma mbavu.

Ndipo Mama Sindano alipolia. Alilia kwa sauti, kile kilio ambacho kila mtu alikuwa amewahi kukiziba kwa huruma kabla hakijatoka. Alilia mbele ya Tajiri na bunduki yake, mbele ya daktari, mbele ya wifi aliyekuwa amejifunika uso kwa kanga. Kizimbani farasi aliye nusu usingizini alivuta pumzi ndefu. Saisi alikaa palepale, bega kwa bega naye, na hakumnyamazisha.